Gemu laki mbili, cherehani ya mke rehani!

Kama umeamka na madeni basi pole, hauko peke yako. Leo naomba radhi mapema. Nilikuwa nimepanga tuendelee na yale ya vijana wanaoazima suti za harusi halafu hawarudishi, lakini mtaani kwetu kumezuka kasheshe ambayo imenikosesha usingizi, nikaona heri niilete kwenu kabla haijapoa. Mambo ya suti yatasubiri, na wenye suti zao nao wasubiri.

Jirani na nyumbani kuna jamaa ana kibanda cha gemu. Vibanda hivi unavijua mwenyewe: bati juu, feni moja yenye kelele nyingi kuliko upepo, mabenchi mawili, televisheni mbili, na watoto ishirini ambao wote wametumwa sukari na mama zao. Mashine zake ni PlayStation 3, mbili, na gemu inayochezwa kuanzia asubuhi hadi usiku ni ile ya mpira, PES 2013. Kwa miaka mingi jamaa amekula, amevaa na kulipa kodi kwa kibanda hicho hicho.

Mwezi uliopita upande wa pili wa barabara kafungua mwenzake. Kaweka PlayStation 5, televisheni kubwa kama mlango, na gemu mpya ya mpira ambayo ukiisogelea unaona hadi jasho la mchezaji. Vijana wote wakatia timu kule. Kwa jamaa yangu wakabaki watoto wawili na paka.

Basi jioni moja nampitia kumjulia hali, namkuta kashika daftari na kalamu, kakunja uso. Ananiambia, "Mdogo wangu, nimeamua. Nauza hizi mashine zote mbili, naongeza na mkopo, nachukua PS5 na gemu mpya. Nikikaa hivihivi nakufa njaa."

Nikamuuliza mkopo huo ataweka nini rehani. Kabla hajajibu, shemeji katokeza nyuma ya pazia, mikono kiunoni.

"Shemeji, muulize vizuri huyo kaka yako! Anataka kuweka rehani cherehani yangu. Cherehani inayolipia watoto daftari na sare, ikanunue mpira wa kwenye televisheni!"

Msomaji, ugomvi wa mke na mume ukiuingilia unatoka na kovu. Nikanyamaza. Lakini jamaa akanigeuzia kibao: "Wewe si ndiye unayeandikaandika magazetini? Hebu niambie, kwa nini hizi gemu zinapanda bei kila kukicha? Hivi kweli kisahani cha plastiki kiuzwe laki mbili?"

Nikamwahidi nitalifuatilia. Nimelifuatilia, na nilichokikuta kimenichekesha na kunisikitisha. Kumbe wale matajiri wanaotengeneza gemu huko majuu wana ugonjwa uleule wa jamaa yangu. Nao wanaweka cherehani rehani.

Tuanze na hiyo laki mbili, manake kuna watakaodhani jamaa alitia chumvi. Kampuni ya Nintendo ya Japani ilipotoa gemu yake ya mashindano ya magari, Mario Kart World, mwezi Juni 2025, bei kule Marekani ilikuwa dola 80. Badilisha kwa pesa zetu za madafu, unakaribia laki mbili. Hapo hujanunua mashine ya kuichezea, Switch 2, ambayo ilianza kwa dola 450. Microsoft nao wakaona isiwe tabu, wakatangaza kwamba gemu yao iitwayo The Outer Worlds 2 itauzwa dola 80 vilevile. Wachezaji wakaja juu ile mbaya. Mwezi Julai mwaka huohuo jamaa wakanywea, wakairudisha dola 70.

Je, ni wizi? Hapa ndipo nilipopata mshangao wa kwanza. Miaka ya mwanzo ya 1990, gemu zilipokuwa kwenye yale makasha ya kuchomeka, kama yale ya Super Nintendo, kuna zilizouzwa Marekani hadi dola 70. Kasha lile lilikuwa na vipande vya elektroniki ndani yake, kulitengeneza ni gharama. Ilipokuja PlayStation ya kwanza na diski zake, bei zikashuka, manake diski ni plastiki tu. Mwaka 2005 ikatoka Xbox 360, gemu kubwa zikapanda kutoka dola 50 hadi 60. Zikaganda hapo miaka 15! Mwaka 2020 zikaingia 70, na mwaka 2025 ndipo 80 ikaanza kuchungulia.

Sasa dola 60 za mwaka 2005 zilikuwa na nguvu ya kununua sawa na karibu dola 100 za mwaka 2025. Maana yake ni kwamba kwa hesabu ya karatasi, gemu imekuwa rahisi, haijapanda. Wakubwa wa kampuni wanaipenda sana hesabu hii. Ukiwalalamikia tu, wanakutolea.

Lakini hesabu ya karatasi haiendi sokoni. Mtu ambaye kodi ya nyumba na chakula vimempandia, ukimwambia dola 80 ni rahisi atakuuliza wewe unaishi wapi. Halafu mashine zenyewe zimeacha desturi yake. Zamani mwenye subira alikula mbivu: PlayStation 2 ilianza dola 299 mwaka 2000, na ilipofika 2009 ilikuwa dola 99. PlayStation 5 yenye sehemu ya diski ilianza dola 499 mwaka 2020, halafu Agosti 2025 ikapandishwa Marekani hadi karibu dola 550. Mashine ya miaka mitano inapanda bei! Ni sawa na kandambili zilizokwisha visigino kuuzwa ghali kuliko mpya.

Haya, fedha zinakwenda wapi? Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Lile jasho la mchezaji unaloliona kwenye televisheni, kuna mtu alikaa akalichora. Kuna wachoraji, waandishi wa programu, wapiga muziki, waigizaji wanaovalishwa nguo za vinundu ili kompyuta inakili wanavyokimbia, na watu ambao kazi yao kutwa ni kugonga kuta waone kama zinapenyeka. Gemu moja kubwa inakusanya watu mia mbili au mia tatu, wakati mwingine zaidi sana, kwa miaka minne, mitano hata sita.

Kwa muda mrefu watu wa kazi hiyo kule Marekani wamekuwa wakikadiria dola 10,000 kwa kila mfanyakazi kwa mwezi: mshahara, bima, ofisi, umeme na kompyuta yake. Watu 300 ni dola milioni 3 kwa mwezi. Kwa mwaka ni milioni 36. Kwa miaka mitano ni milioni 180. Na hapo hujalipia tangazo hata moja.

Kampuni hizi huwa hazitaji gharama zake, ni siri kama mshahara wa baba. Ila siri hiyo ilivuja Juni 2023, Microsoft ilipokuwa mahakamani Marekani ikipigania kuinunua kampuni ya Activision Blizzard. Sony walipeleka nyaraka zao huku tarakimu zimefutwa kwa kalamu ya wino mweusi. Nyaraka zilipopitishwa kwenye mashine ya kunakili, tarakimu zikasomeka chini ya wino! Dunia nzima ikajua kwamba The Last of Us Part II ilikula dola milioni 220, na Horizon Forbidden West dola milioni 212. Desemba mwaka huohuo wadukuzi wakaiba nyaraka za studio ya Insomniac, ikajulikana kwamba Spider-Man 2 ilitengewa kama dola milioni 300.

Sasa shika kalamu kama jamaa yangu. Gemu inauzwa dola 70. Duka la mtandaoni mara nyingi linakata asilimia 30, yaani dola 21. Unabaki na 49. Kama ulitumia dola milioni 200, lazima uuze nakala zaidi ya milioni 4 kwa bei kamili ndipo urudishe ulichotoa mfukoni. Faida bado hujaiona. Kuuza nakala milioni moja, jambo ambalo kwa mwingine ni sherehe ya kuchinja ng'ombe, kwako wewe ni msiba.

Utauliza, kwa nini basi wasitengeneze gemu ndogo? Jibu ni lilelile la jamaa yangu: wanaangalia upande wa pili wa barabara. Na upande wa pili wa barabara kuna Grand Theft Auto V. Gemu hiyo ilitoka Septemba 2013, ndani ya siku tatu ikaingiza dola bilioni moja, na baadaye ikapita nakala milioni 200. Ukishaona mwenzako kapata hivyo, kulala usingizi unaweza? Kila mkubwa wa kampuni anataka ya kwake. Ni kama mtaa ambao mtu mmoja kashinda bahati nasibu: kesho yake mtaa mzima umekwenda kununua tiketi, na hakuna anayewahesabu waliokosa.

Mimi nimewahesabu wachache.

Kuna gemu iliitwa Concord. Sony waliitoa tarehe 23 Agosti 2024 baada ya kazi ya miaka mingi. Ilikuwa ya mapambano ya risasi, watano kwa watano. Tatizo ni kwamba gemu za namna hiyo zilishajaa, na nyingi ni za bure. Hii yao waliiuza dola 40. Kwenye Steam, duka kubwa la gemu za kompyuta, hesabu ya watu waliokuwa wakiicheza kwa wakati mmoja haikufika hata 700. Mia saba, msomaji! Kuna mechi za mchangani zina watazamaji kuliko hao. Tarehe 6 Septemba wakaizima na kuwarudishia watu fedha zao. Wiki mbili tu! Oktoba studio iliyoitengeneza ikafungwa.

Mwezi Februari mwaka huohuo wa 2024 ilitoka Suicide Squad: Kill the Justice League. Hiyo iliuzwa dola 70, bei kamili kabisa. Nayo ikadoda. Wenyewe, Warner Bros., wakaandika hasara ya dola milioni 200. Sasa linganisha: moja iliuzwa 40 ikafa, nyingine 70 ikafa. Konami wao walikwenda mbali zaidi. Ile PES yetu waliibadilisha jina ikawa eFootball, na tarehe 30 Septemba 2021 wakaitoa bure. Wachezaji walivyoziona zile sura za kina Messi, macho yamewatoka kama wamekabwa, wakaitukana mitandaoni hadi kampuni ikaomba radhi. Bure, na bado watu wakaikataa! Ndiyo maana hadi leo kwenye vibanda vyetu kuna watu wanaapa kwa PES 2013. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na bei haibadilishi hilo.

Na usidhani ugonjwa huu ni wa jana. Mwaka 1982 kampuni ya Atari ya Marekani ilinunua kwa mamilioni ya dola haki ya kutengeneza gemu ya ile filamu ya E.T. Walitaka iwahi Krismasi, kwa hiyo mtengenezaji wake, Howard Scott Warshaw, akapewa kama wiki tano tu. Wakatengeneza makasha karibu milioni nne. Watoto wakaicheza, wakaichukia. Mwaka uliofuata Atari ikapakia makasha yasiyouzika kwenye malori, ikaenda kuyafukia jalalani Alamogordo, jimbo la New Mexico. Watu walidhani ni hadithi za vijiweni, hadi Aprili 2014 jalala lilipofukuliwa na makasha yakatoka, yamejaa vumbi. Atari ilipata hasara ya zaidi ya dola milioni 500 mwaka 1983, na biashara nzima ya gemu za nyumbani Marekani ikaanguka naye. Kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma.

Sasa swali langu likawa, wakikosa hawa wakubwa, anayelia ni nani? Maana mkubwa mwenyewe sijamuona akiuza gari.

Wa kwanza ni mfanyakazi. Januari 2024 Microsoft, miezi mitatu baada ya kuimeza Activision Blizzard kwa karibu dola bilioni 69, ilitangaza kuwaondoa watu 1,900. Februari Sony ikawaondoa kama 900. Na wala usidhani wanaofukuzwa ni waliokosea tu. Kuna studio ya Tango Gameworks ya Japani ilitengeneza gemu inaitwa Hi-Fi Rush, ilitoka mwaka 2023, watu wakaisifia na tuzo ikapata. Mei 2024 Microsoft ikatangaza kuifunga studio hiyo. Bahati yao ikaja kampuni ya Krafton ya Korea Kusini ikawaokoa. Lakini fikiria: unapata maksi nzuri kwenye mtihani, halafu unafukuzwa shule kwa sababu mtoto mwingine wa bwana mkubwa kafeli!

Wa pili ni mimi na wewe. Bei ya dola 80 sikuiona kuwa bei ya gemu ile peke yake. Ndani yake kuna tiketi za bahati nasibu za gemu nyingine ambazo hazikushinda. Na wakiona bei imegoma kupanda mlangoni, wanakufuata ndani. Gemu umeshanunua, unaambiwa sasa nunua nguo za mchezaji, nunua pakiti upate mchezaji bora, na pakiti yenyewe hujui ndani mna nini. Bandu bandu, huisha gogo.

Wa tatu ni jamaa yangu wa kibanda. Biashara yake yote imekaa juu ya jambo moja: diski moja inachezwa na mtaa mzima. Ukiichoka unauza, unabadilishana, unamuazima mwenzako. Lakini wenye kampuni wanaitazama diski kwa jicho baya, manake diski ikiuzwa mara ya pili wao hawapati kitu. PlayStation 5 Pro iliyotoka Novemba 2024 kwa dola 700 haikuja hata na sehemu ya kuwekea diski, unainunua pembeni. Gemu ya kushusha mtandaoni huwezi kumuuzia jirani. Na bando la kuishusha, kwa ukubwa wa gemu za siku hizi, nalo ni mkopo mwingine.

Lakini si wote waliochagua kupanda mchongoma. Kuna Mmarekani anaitwa Eric Barone. Alikaa peke yake zaidi ya miaka minne akatengeneza gemu ya kulima na kufuga, Stardew Valley. Kuchora yeye, muziki yeye, kila kitu yeye. Ilitoka Februari 2016 kwa dola 15, na kufikia mwisho wa 2024 ilishauza nakala zaidi ya milioni 40. Jembe na kuku! Mwaka 2025, Wafaransa wa studio ya Sandfall ya mji wa Montpellier, kikosi chao cha ndani kikiwa na watu kama thelathini tu, walitoa Clair Obscur: Expedition 33 kwa dola 50. Ndani ya kama mwezi mmoja nakala milioni 3.3 zikaondoka, na Desemba wakabeba tuzo ya gemu bora ya mwaka mbele ya vigogo. Septemba mwaka huohuo vijana wachache wa Australia walitoa Hollow Knight: Silksong kwa dola 20, na watu walivyojazana kuinunua maduka ya mtandaoni yakazidiwa, yakaganda.

Hapo nataka niwe mkweli, nisije nikakuuzia mbuzi kwenye gunia. Wadogo nao wanakufa, tena wengi. Mwaka 2024 peke yake gemu zaidi ya 18,000 zilitolewa kwenye Steam, na nyingi hata jina lake hutalisikia. Tofauti ni moja. Mdogo akianguka, anaanguka toka kwenye kigoda. Anaumia, anajikung'uta, anajaribu tena. Mkubwa aliyeweka dola milioni 200 anaanguka toka juu ya mnazi, na chini ya mnazi wamekaa watu mia tatu na familia zao.

Basi Jumamosi nikarudi kibandani na daftari langu. Nikamkuta jamaa, nikamkuta na shemeji, cherehani inalia. Nikasema leo sitoi maoni, nasoma tarakimu tu.

PS5 aliambiwa Kariakoo milioni moja na laki sita. Gemu mpya, tuseme laki mbili. Jumla milioni moja na laki nane. Mechi moja shilingi 500. Ni lazima ziingie mechi 3,600 ndipo arudishe fedha hiyo. Kwa mechi 40 kwa siku, bila kukosa hata siku moja na bila umeme kukatika hata saa moja, ni siku 90. Miezi mitatu, na hapo hajalipa umeme, kodi wala riba. Na yule wa ng'ambo ya barabara akiamua kushusha mechi hadi 300? Na Septemba ikifika ikatoka gemu mpya nyingine ya mpira, kama inavyotoka kila mwaka?

Jamaa kimya. Cherehani nayo ikanyamaza.

"Kwa hiyo nifunge?" akaniuliza. Msomaji, alivyoliuliza swali lile sikulipenda. Ni mtu mzima, ana watoto watatu, na sauti ilikuwa kama ya mtoto aliyepoteza hela ya mchele.

Nikamwambia hapana kaka, usifunge. Ila usiweke mji mzima kwenye diski moja. Gemu ya mpira ya kampuni ya EA iliyotoka Septemba 2025, FC 26, ilitoka kwa PlayStation 4 pia. PS4 iliyotumika bei yake haifanani kabisa na PS5 mpya, na diski iliyotumika ndiyo usiseme. Jasho la mchezaji halitaonekana vizuri, lakini bao litaingia. Halafu ile PES 2013 ina watu wake, wazee wa kazi, wale wanaokuja baada ya saa za kibarua kukumbushana enzi zao. Hao hawajahamia ng'ambo, wamekaa tu nyumbani kwa sababu wamesikia kibanda kinakufa.

Shemeji ndiye aliyetoa hukumu. "Uza mashine moja, si mbili. Kinachopungua nitakukopesha mimi kutoka kwenye kibubu changu. Lakini unanirudishia, shemeji yako hapa ni shahidi. Na cherehani usiitazame tena kwa jicho hilo."

Wiki imepita. Jana jioni nimepita pale makusudi, nimesimama mlangoni nikahesabu vichwa: saba. Saba si ishirini, najua. Kule ng'ambo ya barabara bado kunawaka taa na makelele ni ya kutosha. Lakini jamaa alikuwa anacheka, kuna mzee mmoja fundi bomba kapigwa mabao manne na mtoto wa darasa la sita na anadai marudiano, na shemeji ameshalipwa elfu kumi ya kwanza ya deni lake. Elfu kumi hiyo aliikunjua mbele yangu, akaitazama kwenye taa kama ni bandia, ndipo akaitia kwenye kibubu.

Wakubwa wa kule majuu wangekuwa na shemeji kama huyu kwenye kikao chao cha bodi, nadhani Concord isingetoka.

Tukutane wiki ijayo panapo majaliwa. Na wewe uliyeazima suti ya kaka yako tangu Pasaka, irudishe. Wiki ijayo ni zamu yako!